Simu Kutoka Gerezani: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kutuma Fedha

Mtu anapoingia gerezani, simu yake ndiyo inayotangulia kunyamaza. Vitu alivyokuwa navyo mwilini hupokewa, huandikwa na kuhifadhiwa, na ile namba ambayo mama, mke au mjomba alizoea kuipiga kila jioni huanza kujibiwa na sauti tunayoifahamu sote, inayosema kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Tangu saa hiyo familia hukaa na kiu ya habari. Mwenye kiu hiyo ni mwepesi wa kuamini, na matapeli wa simu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Makala haya yanawahusu watumiaji wa huduma za mawasiliano wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, wenye ndugu aliye mahabusu au kifungoni. Mkoa huu una magereza mengi. Yapo ya Kihonda, Mkono wa Mara, Mtego wa Simba, Wami Kuu na Wami Vijana; lipo la wanawake Kingolwira; na huko Bonde la Kilombero yapo ya Kiberege na Idete. Lakini wengi wa wenye ndugu humo hawakai karibu na lango la gereza. Mtu wa Nyandira au Bunduki hana budi kuteremka Mgeta hadi Mzumbe ndipo aingie barabara kuu. Wa Matombo hupita Mkuyuni na Bigwa. Ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku nzima ya shamba iliyopotea, na pengine ni kulala mjini kwa mwenyeji. Si ajabu basi kwamba simu moja inayosema "natokea gerezani, nina habari za kijana wako" hupokewa kama neema.

Simu haiingii gerezani

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba mfungwa katika magereza yetu haruhusiwi kuwa na simu ya mkononi. Magereza huendeshwa kwa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, ambayo sasa ni Sura ya 58 ya Sheria za Tanzania, pamoja na kanuni zake, na simu humo ndani huhesabiwa miongoni mwa vitu vilivyokatazwa. Aliyeiingiza ana kosa, na aliyekutwa nayo ana kosa.

Wapo wanaosikia haya na kusema: lakini kijana wangu amenipigia, nimeitambua sauti yake, ameniomba vocha. Huenda ni kweli ni yeye. Basi fikiri unachomfanyia unapomtumia hiyo vocha. Kwa kawaida mfungwa mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja hupewa punguzo la theluthi moja ya kifungo chake kwa tabia njema na bidii ya kazi. Aliyehukumiwa miaka 3 hutazamia kutoka baada ya miaka 2. Punguzo hilo si mali aliyokwisha kuipata. Kulipoteza, lote au sehemu yake, ni mojawapo ya adhabu za makosa yatendwayo gerezani. Vocha ya shilingi 1,000 iliyotumwa kwa huruma inaweza kumgharimu siku nyingi za uhuru wake. Mwambie hivyo, kwa upole, na umwahidi kwamba utamwandikia au utakwenda kumwona. Pia huna uhakika kwamba namba uliyotumiwa ni ya mtu aliye upande wake. Mara nyingi ni ya mtu aliye upande wa nje, anayekusanya fedha za familia nyingi kwa pamoja.

Wenye ndugu ughaibuni, au waliotazama filamu nyingi, huuliza kwa nini wenzetu wanaongea na wafungwa wao kwa simu. Ni kweli wanaongea, ingawa nao wana vilio vyao. Nchini Marekani simu za gerezani zilikuwa biashara ya makampuni machache, na bei yake ikapanda hata bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, akafungua shauri kwa sababu ya gharama ya kuongea na mjukuu wake aliyefungwa. Madai yake yaliendelea kwa zaidi ya miaka 20, na sheria ya kudhibiti bei hizo, iliyopewa jina lake, ilitiwa saini tarehe 5 Januari 2023, yeye akiwa amekwisha kufariki. Uingereza nako kuna huduma ambayo familia hurekodi ujumbe wa sauti kwa simu yao, kisha mfungwa huusikiliza na kuujibu kupitia simu ya gereza iliyoruhusiwa. Ni utaratibu mzuri. Lakini usikubali kulipia kitu cha namna hiyo hapa nyumbani kwa sababu tu mtu amekuambia kipo: nenda kwanza langoni ukaulize.

Njia zilizo wazi

Familia haikukatwa na ndugu yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zinazojulikana kama Kanuni za Mandela, ambazo Baraza Kuu lilizipitisha tarehe 17 Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 58 kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki zake mara kwa mara chini ya uangalizi unaostahili: kwa barua, kwa njia za simu na nyinginezo pale zilipo, na kwa kutembelewa. Kwetu, kutembelewa na barua ndizo njia za kutegemea.

Kuhusu kutembelea hatuna mengi ya kusema, kwa kuwa kila gereza lina siku zake na saa zake, na mahabusu ana utaratibu ulio tofauti na wa mfungwa. Beba kitambulisho. Usibebe simu hadi ndani. Iache kwa mtu unayemwamini au ifuate maelekezo ya askari wa lango. Na katika safari ya kwanza fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: omba namba ya simu ya ofisi ya gereza na anwani ya posta, uviandike kwenye daftari la nyumbani na si kwenye simu peke yake. Namba hiyo uliyoichukua mwenyewe langoni ndiyo utakayoitumia siku utakapopigiwa na "afande" usiyemjua.

Barua inastahili maneno zaidi, maana vijana wetu wameisahau. Andika jina kamili la mfungwa kama lilivyo kwenye hati ya mahakama, si lile la utani linalotumika kijijini. Taja gereza, sanduku la posta na mji. Namba yake ya mfungwa ukiwa nayo, iandike pia. Kila barua ipe tarehe na namba: barua ya 1, barua ya 2, barua ya 3. Yeye naye afanye hivyo. Hivyo ikipotea moja mtajua mara moja ni ipi, wala hakuna atakayedhani mwenzake amemtupa. Ukiwa na hati muhimu ya kutuma, ipeleke posta kwa rejista upewe stakabadhi, au ikabidhi langoni.

Barua husomwa na maofisa wa gereza kabla ya kumfikia mhusika. Kwa hiyo usiandike humo namba ya siri ya simu, wala mambo ya kesi ambayo ungependa wakili peke yake ayajue. Andika mambo ya nyumbani. Mwambie kabichi zimeuzwaje, nani amezaa, mvua imeanza lini, paa la jikoni limeezekwa au bado. Mtu aliye kifungoni huisoma barua ya namna hiyo mara nyingi, na kama hajui kusoma husomewa. Ujumbe wa sauti, kwa raha yake yote, husikilizwa na kufutwa. Bibi asiyejua kuandika amwambie mjukuu aandike anayoyasema, na mjukuu asimrekebishe maneno.

Humo ndani ya barua weka pia namba za simu za watu watatu wa familia, kwa wino na kwa tarakimu zinazosomeka. Siku hizi hakuna anayekumbuka namba ya mtu. Namba zote zimo ndani ya simu, na simu imezimwa. Wapo wanaotoka gerezani baada ya miaka miwili wasijue hata namba ya mama zao.

Namna utapeli unavyofanyika

Mahakama zetu huendesha kesi hadharani, na hilo ni jambo jema. Lakini hadhara hiyo ina masikio mengi. Jina la mshtakiwa husomwa, kosa hutajwa, miaka ya kifungo hutangazwa. Nje, kwenye miti, ndugu hulia na kupeana namba za simu kwa sauti. Asiye na haya akikaa hapo asubuhi moja huondoka na habari za kutosha. Anajua kijana anaitwa nani, amefungwa miaka mingapi, mama yake ametoka kijiji gani, na nani katika familia ndiye mwenye kauli. Mengine hupatikana kwa majirani, au katika habari ambazo familia yenyewe imezisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ikiomba michango ya wakili.

Tuchukue mfano. Simu inaita saa moja na nusu usiku katika nyumba moja ya milimani, wakati mtandao umepatikana vizuri. Mpigaji anasalimia kwa adabu, anajitambulisha kwa cheo na jina, anamtaja kijana kwa majina yake matatu. Anasema kijana ameumwa ghafla, yuko zahanati ya gereza, dawa inayotakiwa haipo, na duka la dawa mjini linafungwa saa mbili. Shilingi 180,000. Nyuma yake inasikika sauti ya mtu anayegugumia. Mama akiuliza kama anaweza kusema naye, anajibiwa kwamba hali haimruhusu. Kisha inakuja sentensi ambayo ni alama ya utapeli karibu kila mara: usimwambie mtu, maana mimi nakusaidia kinyume cha utaratibu, nisije nikaharibiwa kazi.

Itazame hadithi hiyo kwa utulivu. Kutunza afya ya mfungwa ni wajibu wa Serikali inayomshikilia. Kanuni za Mandela zinasema, katika Kanuni ya 24, kwamba huduma hiyo itolewe bila malipo. Ikitokea kweli kwamba familia imeombwa kusaidia dawa fulani, dawa hiyo ihakikiwe langoni na ikabidhiwe langoni. Haipiti kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Na haraka iliyomo ndani ya hadithi, duka linalofungwa nusu saa ijayo, imewekwa pale makusudi ili usipate muda wa kumpigia mtu mwingine.

Hadithi nyingine ni ya msamaha. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na mara nyingi hutangazwa siku za sherehe za Taifa. Tarehe 9 Desemba 2019, kwa mfano, katika maadhimisho ya Uhuru yaliyofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tangazo la namna hiyo likitoka redioni, simu za matapeli huanza: jina la mumeo limo, ila linahitaji kuthibitishwa, kuna fomu, kuna ada, na orodha inafungwa kesho. Msamaha wa Rais hauna ada, wala hakuna fomu ambayo familia inailipia ili jina lisikatwe.

Ipo pia ya kuhamishwa. Familia inaambiwa kijana anapelekwa gereza la mbali, na kwamba "tukiongea vizuri" anaweza kubakizwa Kihonda. Na ipo ya rufaa, ambapo mpigaji anajifanya karani na kudai fedha za kufungulia jalada. Ifahamike kwamba mfungwa anaweza kuwasilisha rufaa yake kupitia kwa Mkuu wa Gereza, ambaye huifikisha mahakamani. Mwenye swali la rufaa aende mahakama iliyotoa hukumu, au Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichopo Morogoro, aulize dirishani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa wasaidizi wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mtendaji wa Kata anaweza kukuelekeza waliko.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: je, afande wa kweli hawezi kupiga simu? Anaweza. Pengine ndugu yako ni mgonjwa kweli, au amehamishwa kweli, na ofisi imeona familia iarifiwe. Ndiyo maana hatusemi ukate kila simu. Tunasema ushukuru, uandike jina na cheo alichokitaja, ukate simu, kisha uipigie ile namba ya ofisi uliyoichukua langoni. Usiipigie namba iliyokupigia, na usiipigie namba nyingine ambayo mpigaji amekupa. Kama huna namba ya ofisi, mtume ndugu aliyeko mjini, au uende kwa Mtendaji wa Kijiji akusaidie kuulizia kwa njia ya kiofisi. Habari ya kweli haiharibiki kwa kuhakikiwa asubuhi.

Hapa desturi ya Uluguru ina msaada wake. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mzigo wa mpwa huwafikia wajomba. Kwa hiyo fedha kubwa haitoki mkononi mwa mtu mmoja bila wengine kujua. Familia nyingi zimenusurika kwa sababu mama aliyepigiwa simu hakuwa na fedha, akaenda kuamsha kaka yake, na kaka akauliza maswali mawili tu. Amueni mapema, katika kikao cha ukoo, kwamba anayepokea simu asiwe ndiye anayetuma fedha. Inaonekana jambo dogo. Lakini tapeli anayetaka usimwambie mtu hukwama hapo hapo.

Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye simu. Aliyejitambulisha kwa jina la kiume na jina la mpokeaji likawa la mwanamke usiyemjua, atakueleza kwamba hiyo ni namba ya wakala, au ya mkewe, au ya mwenye duka la dawa. Usisikilize maelezo, ondoka kwenye muamala.

Namba iliyobaki nyumbani

Jambo hili halizungumzwi, nalo huwagharimu watu fedha na machozi. Laini ya simu ya mtu aliyefungwa haikai ikimsubiri. Laini isiyotumika kwa muda uliotajwa katika masharti ya mtoa huduma hufungwa, na baadaye namba yake inaweza kugawiwa kwa mteja mwingine. Mke anayepiga namba ya mumewe baada ya mwaka mmoja, pengine kwa kumkumbuka tu, anaweza kupokewa na mtu wa Tabora ambaye hana kosa lolote. Na asipokuwa mwema, mtu huyo akisikia "Baba Asha, ni wewe?" ameshapewa mwanzo wa hadithi.

Kwa hiyo ifuteni namba hiyo kwenye kundi la ukoo, na muwaambie watoto wasitume kitu huko. Pia, ukipiga simu iliyozimwa ukasikia unakaribishwa kuacha ujumbe wa sauti baada ya mlio, jua kwamba ukianza kusema unaweza kutozwa kama uliyeongea, na ujumbe huo hakuna atakayeusikiliza. Wapo wanaofanya hivyo kila Jumapili. Hatuwalaumu, lakini fedha hiyo ingetosha stempu.

Fedha iliyomo kwenye akaunti ya simu ya mfungwa ni yake, hata kama hawezi kuigusa. Kuitoa kwa namba ya siri unayoijua kunaleta ugomvi wa nyumbani, na kunaweza kuwa kosa. Mtembelee, mkubaliane, akupe idhini kwa maandishi yaliyopitia ofisi ya gereza, kisha uende duka la mtoa huduma na idhini hiyo pamoja na kitambulisho chako uulize utaratibu wao. Muulize pia kama ameacha deni. Mikopo midogo ya simu, kama ile ya kukamilishia muamala ambayo wengi huijua kwa jina la Songesha, ina tozo, na deni halisimami kwa sababu mdaiwa amefungwa.

Kama simu yenyewe ilichukuliwa na polisi kuwa kielelezo, omba kujua imeandikwa wapi. Simu iliyopotea njiani na laini ikiwa ndani ni silaha: aliyeiokota ana majina yenu wote, na anajua nani anaitwa Mama na nani Mjomba. Ukishuku hivyo, piga namba 100 ya huduma kwa wateja ueleze, laini izuiwe.

Kwa upande wako, piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa kila mtandao unaoutumia. Usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 uliwekwa ili kila laini iwe na mwenyewe. Lakini mtu aliyekubali kumsajilia mwingine laini "kwa msaada tu" anaweza kukuta ndiyo inayotumika kuwapigia wazazi wa wafungwa.

Ukiwa umekwisha kutuma

Usione haya. Aibu ndiyo inayowapa matapeli usiku mzima wa kutoa fedha. Piga 100 dakika hiyo hiyo, utaje namba ya muamala, uombe uzuiwe. Fedha ikiwa haijatolewa kwa wakala kuna nafasi. Ikishatolewa, kuirejesha ni kazi ngumu. Usiufute ujumbe wa muamala wala wa mpigaji. Ujumbe wa utapeli usambaze kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma, ili namba hiyo ishughulikiwe. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue taarifa upewe RB, kwa maana kujifanya mtu mwingine na udanganyifu kwa njia ya mtandao ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mtoa huduma asipokusikiliza, lalamiko lako liandike, uweke nakala, ulipeleke Mamlaka ya Mawasiliano.

Waarifu pia ofisi ya gereza. Jina la askari lililotumiwa pengine ni la mtu wa kweli asiyejua lolote, naye ana haki ya kujua.

Siku ya kutoka

Kifungo huisha. Asubuhi hiyo mlango hufunguliwa, na aliyetoka, kama hakuna aliyekuja kumpokea, atakwenda Msamvu au kando ya barabara na kuomba simu ya mtu. Namba itakayokuita itakuwa ngeni. Sauti inaweza kuwa imebadilika. Ataeleza kwamba ametoka, hana nauli, na simu ni ya msamaria. Kila neno la simu hiyo ni lile lile ambalo tapeli angelisema.

Ndiyo maana namba tatu mlizomwandikia kwenye barua zisibadilishwe. Laini hizo ziwe hai, ziwe na usajili, na ziwe kwa watu wanaopokea simu. Na katika moja ya safari za kumtembelea mkubaliane swali la nyumbani, la kuulizana kwa sauti na lisiloandikwa kwenye barua: mbuzi wa kwanza wa bibi alikuwa na rangi gani, au ni nani aliyeanguka mtoni Mgeta siku ya harusi. Ulizeni swali hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Akijibu sawasawa, bado msitume fedha kwenye namba ile ya kuazima. Mwambieni akae pale alipo, ataje anachokiona mbele yake, kisha mtumeni ndugu aliyeko mjini, au bodaboda mnayemfahamu, amfuate.